Mbio za Mlima Kameruni

Katika upande wa magharibi wa Afrika, mahali ambapo pwani ya Bahari ya Atlantiki inajipinda na kuelekea kusini, pana mlima mkubwa usimamao karibu kabisa na maji ya bahari. Mlima huo ni Mlima Kameruni. Kilele chake, kiitwacho Fako, kimepita mita 4,000 kwenda juu, wala upande wote ule wa magharibi hauna mlima mwingine ulio mrefu kama huo. Wabakweri, ambao ndio wenyeji wa miteremko yake, huuita Mongo ma Ndemi, yaani Mlima wa Ukuu.

Mlima huo ni mlima wa moto, na moto wake haujazimika. Mwaka 1999 ulipasuka, na mto wa mawe yaliyoyeyuka ukashuka polepole msituni, ukaikata barabara ya pwani, ukakoma karibu na bahari. Mwaka uliofuata ulipasuka tena. Vilevile ni mlima wa mvua. Katika kijiji cha Debundscha, kilichopo chini yake kwa upande wa bahari, mvua inyeshayo kwa mwaka mmoja hufika kiasi cha milimita 10,000. Maana yake ni kwamba, kama maji yale yasingekauka wala kutiririka, yangesimama urefu wa mita kumi, yakafunika nyumba na minazi midogo.

Wazee wa Wabakweri wamesimulia tangu zamani kwamba juu ya mlima anakaa Efasa-Moto, nusu mtu na nusu jiwe, ambaye ndiye mwenye mlima. Basi kila mwaka, kabla ya mashindano makubwa ya mbio, wazee hufanya tambiko ili watu wapande na kurudi salama. Mtu aweza kuyasadiki masimulizi hayo au asiyasadiki. Lakini fundisho lililomo ndani yake ni la kweli, nalo ni hili: mlima una sharti zake, na mtu aendaye huko bila kuzijua hujitia hatarini.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1973. Siku hizi husimamiwa na chama cha riadha cha nchi ya Kameruni, nayo huitwa Mbio za Matumaini. Hufanyika mwezi wa Februari, wakati wa kiangazi, katika mji wa Buea. Njia yake, kwenda na kurudi, ni kiasi cha kilomita 38. Mkimbiaji huondoka mjini, hupita mashambani na msituni, hupanda nyika ya majani na mawe hata kilele, kisha hugeuka akarudi mjini kwa miguu yake mwenyewe. Wasafiri wa kawaida huutumia mlima ule siku mbili au tatu. Mkimbiaji hodari humaliza kazi yote kwa muda wa saa nne na nusu hivi.

Watu wengi wakisikia neno mbio hufikiri habari za uwanja ulio sawa, na mtu anayewashinda wenzake kwa wepesi wa miguu. Mbio za msituni na mlimani si hivyo. Huko mshindi ni yule ajuaye kuigawa nguvu yake, kama mama mwenye busara anavyoigawa akiba ya chakula mpaka mavuno mapya. Ili jambo hili lifahamike, yafaa kuifuata njia yenyewe sehemu kwa sehemu.

Sehemu ya kwanza ni ya mjini. Mapema asubuhi mamia ya wakimbiaji hukusanyika katika uwanja wa michezo wa Molyko, chini ya mji. Wapo wanaume, wanawake, watu wazima waliopita umri wa ujana, na makundi ya kupokezana. Vijana wadogo hupewa njia fupi isiyofika kileleni. Kabla ya siku hiyo waganga huwapima wakimbiaji moyo na pumzi, maana mwenye maradhi ya moyo hana ruhusa ya kujaribu kazi hiyo. Ishara itolewapo, wote hutoka kwa kishindo. Barabara ni ya lami, na kandokando yake watu wamejaa wakipiga makofi na kuwaita wakimbiaji kwa majina. Hapo ndipo mtego wa kwanza. Barabara yenyewe yapanda tangu mwanzo, lakini kwa sababu ya shangwe mgeni haoni kwamba anapanda. Hukimbia kwa nguvu zake zote ili asifiwe, na afikapo mwisho wa nyumba amekwisha kutumia nguvu aliyopaswa kuiweka kwa ajili ya kilele. Waliozoea humwacha apite, wala hawana wivu naye. Wanajua kwamba watamkuta mbele.

Sehemu ya pili ni ya msitu. Baada ya mashamba ya ndizi na majimbi njia huingia chini ya miti mikubwa, ikawa nyembamba, hata watu wawili hawawezi kwenda bega kwa bega. Kivuli ni kingi, na mizizi imetandaa njiani kama nyoka waliolala. Katika msitu huo mna mti uitwao na wenye elimu ya mimea Prunus africana, ambao huota pia katika misitu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya. Gome lake hutumiwa kufanya dawa, na kwa sababu hiyo miti mingi iliwahi kuchunwa mpaka ikafa. Katika mwaka 2009 serikali ya Kameruni iliifanya misitu ya mlima kuwa hifadhi ya taifa, ili miti na wanyama, wakiwamo tembo wa msituni, wasitoweke.

Katika njia ya msituni macho yana kazi kuliko miguu. Mkimbiaji asitazame vidole vyake, maana akiuona mzizi ukiwa chini ya mguu wake amekwisha kuchelewa. Hutazama hatua nne au tano mbele, akachagua mahali pa kukanyaga kabla ya kufika. Hatua zake ziwe fupi, ili akiteleza mguu mmoja, wa pili uwe tayari kumwokoa. Tena kuna adabu ya njia. Anayetaka kupita huita kwanza, na aliye mbele humpisha mahali palipo pana. Akimwona mwenzake ameanguka, humwuliza hali yake, akapeleka habari kwa waangalizi wa kituo kilicho karibu.

Sehemu ya tatu huanza kwa ghafula. Karibu na mita 2,000 msitu hukoma kama uliokatwa kwa panga, na mbele ya macho yasimama nyika ya majani, nayo imesimama hasa, maana mteremko ni mkali mno. Hapo hata mabingwa hawakimbii. Hutembea wameinama, mikono imeshika mapaja, na kila hatua husukumwa na mikono kama miguu. Mgeni huona haya kutembea katika mashindano ya mbio, akajilazimisha kukimbia. Lakini kwenye mteremko kama huo mwendo wa kutembea wenye nguvu hauachwi nyuma sana na kukimbia, nao hautumii pumzi nyingi hivyo. Ndiyo sababu mzoefu hutembea bila aibu.

Jambo jingine la sehemu hiyo ni kiu. Mlima unaopata mvua nyingi kupita mahali karibu pote pa dunia, sehemu hiyo ya juu haina kijito cha kunywa. Sababu yake ni mawe ya moto ya zamani, ambayo yana vitundu vingi. Mvua ikinyesha, maji huzama humo upesi, yakaenda chini kwa chini. Kwa hiyo wapagazi huyachukua maji kwa vichwa na migongo mpaka kwenye vibanda vilivyojengwa njiani, na wakimbiaji huyakuta huko. Mkimbiaji anywe kidogo kidogo kila kituo. Asipokunywa, damu yake huwa nzito na mwili hupata joto la kupita kiasi. Lakini akinywa maji mengi mno kwa mara moja, huipunguza nguvu ya chumvi iliyomo mwilini, na hilo nalo laweza kumwangusha. Ndiyo maana hutafuta pia kitu chenye chumvi na kitu kitamu, kama ndizi mbivu, ili jasho lililotoka lipate badala yake na misuli ipate kuni za kuchoma.

Sehemu ya nne ni ya mawe na upepo. Hapo majani huwa mafupi, na mkimbiaji hukanyaga changarawe nyeusi inayorudi nyuma chini ya mguu. Asubuhi mjini alitoka jasho. Sasa upepo wa baridi unampiga, kwa kuwa kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto la hewa kwa nyuzi sita hivi. Tena hewa yenyewe imekuwa nyepesi. Hewa iliyo juu huilemea ile iliyo chini, kama mzigo wa magunia ulemeavyo gunia la chini kabisa. Ufukweni mzigo huo ni mkubwa, na hewa imeshindiliwa. Juu ya mita 4,000 mzigo ni kama sehemu tatu tu katika tano za ule wa pwani. Basi katika kila pumzi moja, mkimbiaji hupata sehemu hiyo tu ya hewa ya uhai ambayo angeipata baharini. Moyo wake hupiga upesi ili kuipeleka damu haraka zaidi, lakini miguu huwa mizito, na pengine kichwa huuma na tumbo huchafuka. Dawa ya maradhi hayo ni moja: kushuka. Mtu ayumbaye au asemaye maneno yasiyo na maana asiendelee kupanda, hata kama kilele kinaonekana karibu kama paa la nyumba ya jirani. Mlima utakuwapo mwaka ujao. Na yeye pia yafaa awepo.

Kileleni hakuna muda wa kupumzika wala wa kutazama bahari. Mkimbiaji huonekana na waangalizi, akageuka. Wengi hudhani kwamba taabu imekwisha, kwa kuwa waswahili wamesema kwamba mpanda ngazi hushuka, nao huchukulia kushuka kuwa ni jambo jepesi. Kumbe hapo ndipo mashindano yaamuliwapo.

Apandapo, msuli wa mbele ya paja hujikaza huku ukifupika, nayo ndiyo kazi yake ya kawaida. Ashukapo, msuli ule ule hujikaza huku ukivutwa na kurefushwa, kwa sababu unauzuia mwili usiporomoke. Hali yake ni kama ya kamba ya kisima mikononi mwa mtu anayeteremsha ndoo iliyojaa: kamba yataka kukimbia, na mikono yaizuia. Katika kuzuia huko nyuzi nyembamba sana za msuli huchanika. Kila mguu ugusapo chini hupokea uzito unaoshinda uzito wa mwili mzima mara mbili au tatu, na jambo hilo hurudiwa maelfu ya mara. Mtu aliyemaliza nguvu zake katika kupanda huona magoti yakitetemeka. Hawezi tena kuuzuia mwili wake, akaanguka juu ya mawe makali, au akashuka akiegemea nyuma kwa hofu, jambo ambalo huzidi kumtelezesha. Aliyejiwekea akiba hushuka ameinama mbele kidogo, magoti yamelegea, hatua fupi na nyepesi, mikono imetanuliwa kama mabawa. Wengi waliokuwa mbele kileleni wamepitwa katika nyika au msituni na watu waliokuwa kimya tangu asubuhi. Akiba haiozi.

Kwa hiyo mtu atakaye kushiriki hawezi kujitayarisha uwanjani tu. Yampasa apande milima kwa miezi mingi, na ashuke pia, maana msuli uliozoezwa kushuka kidogo kidogo hujijenga upya ukawa imara, wala haupasuki tena kama ule wa kwanza. Aongeze umbali polepole, na baada ya siku ya kazi kubwa ajipe siku ya kazi ndogo. Avijaribu viatu vyake mapema, kwa maana kiatu kipya siku ya mashindano hutoa malengelenge. Hata chakula cha siku ile kisiwe kigeni tumboni. Watu wa Buea hula majimbi yaliyokunwa na kupikwa katika majani ya mgomba. Kwa aliyekulia huko, chakula hicho kinatosha, wala hana haja ya kutafuta kingine cha ng'ambo.

Pengine hii ndiyo sababu washindi wa mlima huo mara nyingi si watu wa mali. Wengi wao hutoka katika nyanda za juu za Bamenda, upande wa kaskazini-magharibi wa nchi, ambako mtoto hupanda na kushuka vilima akienda shamba, shule na mtoni. Mashuhuri kupita wote ni mwanamke wa mlima wenyewe, Sarah Etonge, aliyeshinda mashindano ya wanawake mara saba. Alikuwa mama mwenye watoto, na watu wa Kameruni walimpa jina la Malkia wa Mlima. Alipokuwa akipita, wanawake wa vijijini walimwona mtu kama wao, mwenye kazi za jikoni na shambani kama zao. Kwa washindani wengi fedha ya ushindi si mchezo: yaweza kuwa ada ya shule, bati la nyumba, au mtaji wa biashara ndogo.

Lakini mlima si hatari pekee iliyowapata wakimbiaji hao. Buea imo katika sehemu ya Kameruni itumiayo Kiingereza, na tangu mwaka 2017 sehemu hiyo imekuwa na vita kati ya askari wa serikali na watu watakao kujitenga na nchi. Katika mashindano ya tarehe 25 Februari 2023 mabomu madogo yalilipuka njiani wakati mbio zikiendelea. Wakimbiaji 19 walijeruhiwa wakapelekwa hospitali. Watu hao hawakuwa na silaha. Walikuwa na nambari vifuani na viatu miguuni. Wengi walisema kwamba mashindano yangekufa siku ile. Hata hivyo, mwezi wa Februari 2024 uwanja wa Molyko ulijaa wakimbiaji tena, huku askari wakilinda njia.

Mtu aweza kuuliza ni kwa nini warudi. Wengine walirudi kwa ajili ya fedha, wengine kwa ajili ya sifa, na wengine kwa sababu njia ile waliijua tangu utotoni, nao hawakukubali kunyang'anywa. Jina la Mbio za Matumaini halitoi jibu zaidi ya hilo. Lakini aliyeifahamu kazi ya mlima huelewa kidogo. Mkimbiaji aliye kwenye nyika ya majani hawezi kukiona kilele, kwa sababu tuta moja huficha jingine. Aliye na busara hatazami tuta la tatu. Hutazama kibanda kilicho mbele yake, ambako maji yapo, akaenda mpaka hapo. Akiisha kufika, hunywa, akatazama kinachofuata.

Wa mwisho hufika jioni, umati ukiwa umekwisha kutawanyika. Huja wakichechemea, vumbi jeusi la mlima limewapaka mpaka magotini, na kesho yake watashuka ngazi za nyumba zao kwa kinyumenyume kwa maumivu ya mapaja. Hata hivyo waangalizi huwangoja na kuandika majina yao katika daftari ile ile iliyoandikwa jina la mshindi.

Maswali

1. Kwa nini nyika ya juu haina vijito, ijapokuwa mlima hupata mvua nyingi?
2. Eleza kwa maneno yako kwa nini pumzi moja ya kileleni haina faida kama pumzi moja ya pwani.
3. Ni kazi gani ya msuli iliyo ngumu zaidi, ya kupanda au ya kushuka? Toa sababu.
4. Taja mambo matatu ambayo mgeni hukosea katika mbio za mlimani.
5. Fikiri mlima au kilima kilicho karibu na shule yako. Andika njia ya kukipanda na kukishuka, ukionyesha mahali pa kukimbia, mahali pa kutembea, na mahali pa kuweka maji.